Kasha la Amplifaya Kutoka Mahango

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Jana, baada ya ibada, baraza la wazee lilikaa. Jambo lilikuwa moja: amplifaya. Yenyewe ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni kasha lake. Paa la kanisa letu hapa Kasese lilivuja msimu mzima, kutu ikala bati la kasha, na sasa nyaya ziko nje kama matumbo ya kuku. Wiki iliyopita Laker, kiongozi wa kwaya, aliegemeza kitabu cha nyimbo pale akapigwa na umeme. Alimaliza ubeti kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo.

Kosmasi alisimama. Kosmasi ana duka la redio ng'ambo ya barabara, na husimama hata asipoulizwa. Alisema kasha jipya la chuma linapatikana kwa shilingi laki tatu na elfu themanini. Aliitamka bei hiyo taratibu, kana kwamba anasoma Zaburi.

Nikasimama mimi. Nilisema kununua ni uvivu, na kwamba kutengeneza hakutafika hata nusu ya bei hiyo. Nilitaja laki moja na elfu kumi na tano. Sijui ile elfu kumi na tano ilitoka wapi. Nadhani niliiongeza ili ionekane nimepiga hesabu.

Mchungaji Crispus alikubali kwa sharti. Jumapili ya tarehe 21 kwaya ya Bwera inakuja kuimba kwetu. Nikishindwa kuwa na kasha siku hiyo, usimamizi wa vyombo vya sauti na ufunguo wa chumba cha vyombo vitakwenda kwa Kosmasi.

Ufunguo huo nauvaa shingoni. Nilipokuwa karani wa mizani kiwandani, lori halikutoka bila saini yangu. Tangu nistaafu hakuna anayenisubiri popote, isipokuwa Jumapili asubuhi, kanisa zima linaponyamaza mpaka nibonyeze swichi. Kosmasi hana haja na jambo hilo. Ana duka.

Edisa, mke wangu, aliuliza ni fundi gani atakayelitengeneza kasha. Nilimwambia nina mpango. Sina.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nilikwenda kwa seremala wa mjini. Alitaka laki mbili za ufundi pekee, mbao nilete mwenyewe. Nilimwambia nitafikiri. Alisema, "Fikiri, mzee, kufikiri ni bure." Niliondoka kwa heshima, nikajikwaa kwenye randa yake mlangoni.

Njiani nikapata wazo. Shemeji yangu Tsongo, kaka yake Edisa, anatengeneza mizinga ya nyuki huko Mahango mlimani. Mzinga ni nini? Ni kasha. Mbao nne, sakafu, kifuniko, tundu la hewa. Nilishangaa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuliona jambo lililo wazi namna hii. Nilimweleza Edisa. Aliendelea kuchambua maharage kwa muda mrefu kuliko maharage yalivyohitaji.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Mahango kwa pikipiki. Njia ina mawe, nami nina mifupa; vilikutana mara nyingi. Nauli sikuiingiza katika hesabu. Nauli ni gharama ya safari, si gharama ya kasha.

Tsongo alinipokea vizuri. Nilimwonyesha mchoro. Aliugeuza juu chini, akasema ni kazi nyepesi, nimpe wiki moja apige randa mbao safi. Wakati huo jicho langu lilikuwa limekwisha kuona mzinga mmoja mpya kando ya ukuta, umekamilika, vipimo vyake karibu sawa na vya mchoro wangu. Niliuliza habari zake. Alisema ulikuwa wa mteja aliyeshindwa kuja kuuchukua.

Niliuomba huo. Tsongo alisita. Alieleza kwamba amekwisha kuupaka nta ndani, akaufukiza kwa moshi wa majani, kama anavyofanya kwa kila mzinga ulio tayari kutundikwa.

"Shemeji, hiyo nta ni ya kuita," alisema. "Sisi huku tunapaka ili wageni waje wenyewe."

Nilimjibu kwamba nta huhifadhi mbao, na kwamba jambo la maana ni atapunguza bei kiasi gani. Alipunguza kutoka elfu tisini hadi sitini. Aliniuliza tena kama nina hakika. Mtu wa mlimani hukuuliza mara mbili ili kesho asilaumiwe. Nilimwambia nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi. Kuita wageni si jambo la kunitisha.

Niliurudisha mzinga mjini nikiwa nimeukumbatia juu ya pikipiki. Watu wa njiani walinisalimia kwa kuuliza asali ni lini.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Bwera. Sokoni karibu na mpaka vitu ni rahisi, kila mtu anajua hivyo. Nilihitaji feni ndogo ya kupoza, vishikio na skrubu. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, Mama Vasta, alikuwa ametandika vyombo vya kale juu ya turubai. Alinishika mkono kabla sijamsalimia.

"Papa, hii feni iko ya kweli kabisa. Mutu aliitoa mu kompyuta ya biro ya serikali. Inapuliza mpaka utavaa koti."

Nilimwomba aiwashe. Alisema umeme iko kwa jirani, na jirani alikwenda kuzika. Niliinunua. Alinipunguzia elfu tano. Nilijisikia mshindi mpaka nilipoona bango la duka la pili, feni kama hiyo, mpya, kwa bei ya chini zaidi. Nilipita upande mwingine wa barabara ili bango hilo lisinione.

Mvua ikaja. Nilikula chakula hotelini huku nikisubiri. Chakula nacho si kasha.

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Nimekata tundu la nyuma kwa msumeno wa jirani. Msumeno umevunjika. Nimemnunulia mwingine. Huo ni ujirani mwema, hauhesabiwi.

Amplifaya imeingia ndani ya mzinga kama mguu ndani ya kiatu cha kukopa: inabana kisigino tu. Mzinga nimeupaka vanishi nje mara mbili. Feni inazunguka. Inapuliza kwenda nje badala ya kuingiza hewa ndani, lakini hewa ni hewa. Inatoka ya moto, yenye harufu tamu ya nta, mpaka dirishani.

Edisa alikuja kuangalia. Aliniita kwa jina la mtoto wetu: "Baba Night, kazi nzuri. Ila ni mzinga." Alitaka kuongeza kitu. Sikumpa nafasi.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Leo niliijaribu katika chumba cha vyombo, madirisha wazi, sauti juu, ili mtu fulani wa ng'ambo ya barabara asikie. Alisikia. Alivuka. Kosmasi alilizunguka kasha langu akiwa na mikono nyuma, kama daktari asiyetaka kushika mgonjwa. Akanusa.

"Mzee Semu, mbona linanukia mshumaa?"

Nilimwambia ni vanishi ya kigeni.

Nyuki watatu wanne walikuwa wakizunguka tundu la mbele. Niliwapiga kwa gazeti. Kosmasi aliwatazama, akasema wale si wapita njia. Nyuki wakihama hutanguliza wapelelezi wa kuangalia nyumba. Nilimwomba aende akaangalie nyumba yake. Alicheka hadi kizingitini. Nyuki walirudi kabla hajafika dukani.

Wivu una masikio na pua.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Nimepiga hesabu kwa siri. Kasha lenyewe, yaani mzinga, feni, vishikio, skrubu na vanishi, limefika laki moja na elfu ishirini na mbili. Karibu kabisa na neno langu. Nikiongeza nauli, chakula, msumeno na fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha waya ulioniunguza vidole, inafika laki tatu na elfu tisini. Kwa hiyo siongezi.

Ile tofauti nimeitoa katika pesa za kahawa tuliyouza, zilizokuwa za bati la paa la jikoni. Edisa hajui. Mvua ikinyesha atajua.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Vanishi bado inanata. Asubuhi niliiacha amplifaya ikiwaka ili joto la ndani likaushe mbao, feni ikipuliza, dirisha wazi. Nikaenda nyumbani kupiga pasi koti. Sitaki kesho wageni wa Bwera wamwone msimamizi wa vyombo akiwa na makunyanzi mengine zaidi ya yale niliyopewa na Mungu.

Jioni nilirudi kuizima. Ilikuwa ikivuma. Nilikaza waya wa ardhi, ikavuma. Nilipunguza sauti mpaka mwisho, ikavuma. Niliizima kabisa, nikaing'oa katika umeme. Iliendelea kuvuma.

Nimelifikiria sana jambo hili. Maelezo ni haya tu: mbao nzuri huhifadhi sauti. Chuma cha Kosmasi hakiwezi kufanya hivyo.

Jumapili, tarehe 21 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Kanisa lilijaa. Kwaya ya Bwera iliketi mbele katika majoho ya zambarau. Mimi na Oloya, mpiga gitaa, tulilibeba kasha kutoka chumba cha vyombo. Oloya, aliyenisaidia kulisogeza Jumatano, alisema limekuwa zito kuliko siku ile. Nilimwambia amezeeka. Watu walinyamaza. Nilisimama kidogo pale, nikaacha wanyamaze zaidi. Kisha nikabonyeza.

Mchungaji Crispus alianza sala. Mvumo ukawa unamfuata kila neno. Alinitupia jicho nipunguze. Nilipunguza. Alinitupia jingine. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba imefika mwisho. Alisema amina mapema.

Ndipo ngoma ya Bwera ilipopigwa mara ya kwanza. Kasha likatetemeka. Kutoka tundu la mbele alitoka nyuki mmoja, akasimama ukingoni, akatazama waumini. Akatoka wa pili. Kisha hawakuhesabika tena.

Sauti ya pili ya Bwera ilipita dirishani, nzima, kwa mpangilio. Sauti ya nne ilichukua mlango. Laker aliwafunika watoto wa shule ya Jumapili kwa kitambaa cha madhabahu, akawatoa kama kuku na vifaranga vyake. Mchungaji alichomwa sikioni, Oloya shingoni, Kosmasi kwenye upara. Hilo la mwisho nililiona vizuri. Mimi nilichomwa mkono, nyusi na mdomo wa juu, kwa sababu nilikuwa bado nimelishika kasha, nikijaribu kupunguza sauti.

Hakuna aliyeumia vibaya, tunashukuru. Ibada ilimalizikia katika shamba la ndizi la jirani, bila kipaza sauti. Nasikia Bwera waliimba vizuri sana huko. Nasikia pia kwamba hakuna aliyeikumbuka amplifaya.

Tsongo aliletwa kwa pikipiki na kimoshi chake, kile kifaa cha kufukizia nyuki. Aliingia peke yake, akawatuliza wale nyuki kama anayewaongelesha wajukuu. Alipotoka alisema kwa mshangao kwamba kundi ni kubwa na la amani, hajapata kuona kundi linaloingia mzinga upesi hivyo. Aliniuliza niliufanyia nini. Edisa alimjibu kwa niaba yangu: "Aliupasha joto." Mdomo wangu haukuweza kuongeza.

Baraza lilikaa palepale, wengine wakiwa na majani ya dawa usoni. Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea. Mchungaji alisema polepole, "Mzee wetu, umejitahidi," akanyoosha kiganja. Nilivua uzi wa ufunguo shingoni. Ulinasa kwenye sikio, nikahangaika nao mbele ya watu wote, mpaka Kosmasi mwenyewe akanisaidia kuutoa. Alikuwa na huruma. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nyuki.

Jumamosi, tarehe 27 Septemba

Uvimbe umekwisha. Edisa amelala akiuelekea ukuta tangu Jumanne, mvua iliponyesha jikoni.

Kosmasi amenunua kasha lake la chuma. Limepakwa rangi nyeusi, halinuki kitu, halivumi. Alhamisi nilipita kanisani kwa bahati, kama mtu anayekwenda sokoni kwa njia ndefu, nikamkuta akifuta vumbi. Alinikaribisha nibonyeze swichi. Nilimwambia nina haraka. Nilikaa nje kwenye ukuta nikisikiliza anavyojaribu kipaza sauti. Anasema "moja, mbili" vibaya. Sauti yake haina uzito.

Leo asubuhi niligundua jambo ambalo baraza halijaliona. Kasha la amplifaya ni jipya, ndiyo, lakini masanduku ya spika yamepasuka, yote mawili. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Crispus. Nilimwambia mtu wa masanduku ya spika lazima awe na ruhusa yake ya kuingia chumbani, tena kila siku. Hakusema ndiyo. Alishika sikio lake. Lakini hakusema hapana.

Kosa letu la kwanza sasa nimelielewa: mbao za mlimani. Tulihitaji mbao za majini. Mchana nilipanda gari hadi Katunguru, kwa fundi anayetengeneza mitumbwi ya wavuvi wa ule mfereji unaounganisha maziwa mawili. Mtumbwi ni nini? Ni sanduku lisilovuja. Ana mmoja mkuukuu, mbao pana, kavu, tayari kukatwa. Alinieleza kwa uaminifu kwamba umebeba samaki miaka kumi na harufu haitoki kwa sabuni wala kwa jua, na kwamba popote anapouweka wale korongo wakubwa wa jalalani hutua juu yake, ishirini, thelathini, wakakataa kuondoka.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza, kwa hali hiyo, atapunguza bei kiasi gani.