Ua la Sista Gerarda

Jumamosi, 9 Mei 1998

Vitumba ishirini na vitatu! Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Ua la Sista Gerarda limeamua kuchanua baada ya kuninunia miaka mitatu. Mvua hizi za El Nino zimebomoa choo chetu na kuharibu njia ya kwenda Kasulu mjini, lakini ua zimelifaa.

Nieleze, maana huenda siku moja wajukuu watalisoma daftari hili. Sista Gerarda, yule mzungu aliyewafundisha akina mama kushona hapa Muyama, alirudi kwao mwaka 1995. Alimwachia mke wangu Esteri shina moja la ua liitwalo anemoni. Wakalipanda wawili, nyuma ya jiko. Sista akasema halipendi kuhamishwa. Liachwe mahali pamoja miaka miwili mitatu, lipazoee. Nilikuwepo, nilisikia. Lakini ua zuri nyuma ya jiko! Nani ataliona, kuku? Mwaka uliofuata nikalihamishia kando ya njia, ili waendao misani walione. Likanyauka. Mwanzoni mwa mwaka jana nikalileta kando ya mlango. Likanyauka tena. Udongo uliobaki, umejaa vipande vya mizizi, niliurusha ng'ambo ya uzio wa minyaa kwa jirani Kipriani, ahangaike nao yeye.

Sasa limefufuka pale mlangoni, limesimama hadi kiunoni mwangu, na lina vitumba. Tarehe 31 ni Pentekoste, na Monsinyori anakuja kutoa kipaimara kwa niaba ya Askofu. Mpango ninao.

Jumapili, 10 Mei

Kikao baada ya misa. Padri Bazilio alisema kwamba jumuiya mbili ndizo zimejitolea kupamba altare siku ya kipaimara: Mtakatifu Anna, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, na Mtakatifu Yosefu, ambayo mwenyekiti wake ni Kipriani Nduwayezu. Kila jumuiya ilete maua Jumamosi tarehe 30, saa kumi jioni. Yeye atachagua. Mwenyekiti atakayeshinda ataongoza maandamano ya vipaji, yaani mkate, divai na sadaka nyingine, na kumkabidhi Monsinyori vipaji hivyo kwa mkono wake.

Miaka sita niko mwenyekiti. Sijaongoza vipaji hata mara moja. Kipriani ameongoza mara nne, mbili kati ya hizo Krismasi. Ana yale maua yake mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, na huyatoa bila kuombwa. Alikuja kutoka Burundi mwaka 1972, akajenga, akapanda, akatulia. Mtu mpole. Upole wake ndio unaoniudhi.

Nilisimama nikasema jumuiya yangu italeta ua ambalo mkoa mzima wa Kigoma haujaliona. Watu wakageuka. Kipriani aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema atafurahi kuliona. Ndivyo alivyo.

Jumatano, 13 Mei

Siri kwanza. Nimelifunika ua kwa magunia mawili juu ya miti minne, ili majasusi wa Mtakatifu Yosefu wasipeleleze.

Jioni nikafunua. Mashina yote yamejipinda kuelekea kitundu kimoja cha gunia kinachopitisha mwanga. Mengine yamelala kabisa. Esteri alitoka jikoni, akatazama, akang'oa miti minne. Magunia akaenda kuanikia maharage. Kisha akaleta kigoda chake akakaa mbele ya ua, mikono mapajani. Hufanya hivyo kila jioni tangu vitumba vilipotokea. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema hangoji kitu.

Jumatatu, 18 Mei

La kwanza limefunguka!

Esteri ndiye aliyeniita. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikatoka na povu shavu moja. Jeupe, lakini si weupe wa karatasi. Nyuma ya petali kuna rangi hafifu ya zambarau, kama imepanguswa. Katikati kuna kitufe cha kijani, na pete ya manjano imekizunguka. Shina lake ni jembamba mno kiasi kwamba upepo usiosikika hata kidogo unalitikisa. Vile vitumba vingine vya mviringo, vyenye manyoya laini, vikawa vinacheza pembeni yake.

Tulikaa pale wawili hadi povu likakauka. Esteri alisema laiti Sista Gerarda angeliona. Nilifurahi kweli, nakiri. Kwa muda wa robo saa sikufikiria vipaji.

Halafu nikavifikiria. Je, nikiling'oa shina lote na kulitia kwenye ndoo, nikaingia nalo kanisani likiwa hai? Padri atapiga magoti! Nikamwomba Esteri jembe. Alisema jembe lina kazi, akalibeba kwenda nalo shamba la mihogo, ingawa leo hakuwa na palizi.

Jumapili, 24 Mei

Msiba.

Padri Bazilio katika matangazo alikumbusha kwamba Pentekoste ni nyekundu. Mavazi ya padri mekundu, vitambaa vya altare vyekundu, na wanakwaya wajitahidi kuvaa chochote chekundu. Miaka hamsini na minne mimi ni Mkatoliki. Nimefundisha dini shule ya msingi miaka kumi na tisa. Nilisahau. Nilikuwa nimeduwazwa na weupe.

Kipriani ana mekundu, yaani shamba zima la Pentekoste.

Baada ya misa alinifuata taratibu, akasema kama jumuiya yangu itapungukiwa na mekundu, ya kwake yanatosha wote, na tunaweza kupamba pamoja. Nikamjibu kwamba Mtakatifu Anna hajapungukiwa na kitu. Alisema vema, akaniuliza hali ya mguu wangu, ambao huniuma siku za mvua. Mtu wa namna hii utagombana naye vipi?

Alhamisi, 28 Mei

Nimepata!

Kwenye sanduku langu la ualimu zimo chupa tatu za wino mwekundu, zile za kusahihishia. Jana asubuhi nilikata ua moja, nikalisimamisha kwenye bilauri ya maji na wino. Leo asubuhi mishipa ya petali imekuwa myekundu! Myembamba, mizuri, kama mito kwenye ramani. Tukizidisha wino, ua zima litakuwa jekundu. Anemoni nyekundu, moja tu duniani, ipo Muyama.

Nimeificha bilauri nyuma ya kabati. Esteri aliuliza ua moja limekwenda wapi. Nikasema upepo. Alilitazama shina lililokatwa sawasawa kwa kisu, kisha akanitazama mimi.

Jumamosi, 30 Mei

Ninaandika kwa vidole vyekundu. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi Esteri alikwenda kanisani kufagia na akina mama. Saa mbili na dakika tano nilikuwa na kisu mkononi. Maua yalikuwa kumi na tisa, vitumba vitatu. Nikakata yote, vitumba pia. Nikayapanga kwenye kopo la maziwa ya unga, nikamimina maji kidogo na chupa zote tatu za wino. Sikupima. Saa nne petali zilikuwa na madoa. Nikaongeza chumvi, sijui kwa nini. Saa sita petali ya kwanza ilianguka. Nikaiokota nikajaribu kuirudisha. Saa nane zilikuwa zikianguka zenyewe, moja moja, bila haraka, mezani, na mimi natembea kuizunguka meza na kuziomba zisubiri hadi saa kumi.

Saa kumi nilifika kanisani na kopo la mashina kumi na tisa yenye vitufe vya kijani, vitumba vitatu vilivyolegea, na petali labda kumi kwa jumla, zenye madoa kama surua. Maua ya Kipriani yalikuwa tayari kwenye ndoo mbili, marefu, mekundu, yamesimama kama askari. Padri Bazilio alitazama kopo langu kwa muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba ya Mtakatifu Yosefu yatakwenda altareni. Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau tangu saa ile. Alisema alikuwa amesikia kwa akina mama kuhusu maua meupe ya Mama Nadine, yaani Esteri wangu, na alikuwa anayategemea kwa ajili ya sanamu ya Bikira Maria, maana kesho ndiyo siku ya mwisho ya Mei, mwezi wake. Sanamu ni ya samawati. Nyeupe ingependeza.

Meupe. Alikuwa anayataka meupe.

Nyumbani nilimkuta Esteri amesimama mbele ya ua. Yaani mbele ya majani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Kigoda alikuwa amekishika mkononi, hajui akiweke wapi.

"Yalikuwa maua yangu, Baba Nadine," alisema. "Ungeniuliza tu."

Nimeona aibu. Ninaliandika hilo wazi. Nimeshindwa kula, na ugali ulikuwa wa muhogo na dagaa.

Jumapili, 31 Mei, Pentekoste

Nilikaa benchi la tatu, mikono mfukoni. Wino hautoki kwa sabuni, limao wala majivu. Esteri alikuwa ametangulia, sikujua kwa nini.

Altare nyekundu. Kwaya nyekundu. Halafu nikatazama upande wa kushoto, kwa Bikira Maria. Maua meupe! Kama arobaini, marefu, yanatikisika kila mlango unapofunguliwa. Anemoni. Nilidhani wino umenipanda kichwani.

Ulipofika wakati wa vipaji, Kipriani alisimama kuongoza. Akatoka benchini kwake, akaenda moja kwa moja hadi kwa Esteri, akamkabidhi mkate na divai, na yeye akarudi nyuma kwenye mstari, nyuma ya kapu la viazi. Esteri ndiye aliyeongoza. Mke wangu! Kitenge chake ni cha bluu, hakuwa na chekundu hata uzi. Monsinyori alipokea, akainama akamuuliza jambo huku akitazama yale maua. Esteri baadaye aliniambia aliulizwa ni maua gani, akajibu ni anemoni, Sista Gerarda ndiye aliyemwachia. Monsinyori akasema yanaonekana yamepata watu wa kuyatunza.

Nje Monsinyori alisalimia wazee wote. Sikuweza kumnyima mkono. Aliutazama, akaniuliza kama kazi yangu ni kuchinja ng'ombe. Nikasema hapana, ni mwalimu mstaafu. Alisema pole, akampa mkono mzee aliyefuata.

Jumatatu, 1 Juni

Nilikwenda kwa Kipriani. Ilinibidi. Alinipa kiti, nikapewa togwa, tukazungumza habari za mihogo hadi nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza ameyatoa wapi.

Alinipeleka nyuma ya migomba yake, karibu na uzio wa minyaa. Pale pale! Pale nilipourusha ule udongo. Kila kipande cha mzizi nilichokikata kwa jembe kimekuwa shina. Shina la kwanza lilitokea mwaka jana, alisema, mara tu baada ya mimi kulima upande wangu. Alilitambua kuwa ni ua la Mama Nadine. Hakuling'oa, hakulipalilia, hakulisogeza. Jumamosi jioni alipomwona Esteri amesimama na kigoda alimwita uzioni, akamwambia akate mwenyewe, ni yake.

Nilimwambia ukweli kuhusu udongo. Nilidhani atashangaa. Alicheka kidogo tu.

"Ego, ndiyo, Mwalimu, nilikuona ukiurusha," alisema. "Mimi nimehamishwa mara tatu tangu nitoke kwetu. Nilipokiona kile kichipukizi nikajua kinataka nini. Nikakiacha."

Nilikunywa togwa yote. Tulikaa tukayatazama yaliyobaki, yakiinama na kuinuka, na kwa kweli ni mazuri zaidi pale, kwenye kivuli chepesi, bila mtu wa kuyasumbua. Nilimwambia hivyo. Alisema nije nitazame siku yoyote.

Jumapili, 21 Juni

Amani nyumbani. Esteri ananicheka sasa, hasa anapoona kucha zangu, ambazo bado zina pinki. Amemwandikia binti yetu Nadine huko Kibondo habari yote. Sijaruhusiwa kuisoma barua.

Leo alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, mahali ambapo sijafika tangu 1996. Shina! Kubwa, limenenepa kwa maji ya kuoshea vyombo, na vitumba vyake viwili vya mwisho bado vimefumba. Mizizi niliyoisahau ardhini ilijiotea yenyewe. Tena kando ya njia kuna lingine. Na la mlangoni, nililolikata lote, linatoa majani mapya. Esteri alikuwa anajua siku zote. Alisema hakuniambia kwa sababu ananijua.

Nimekaa nikatafakari kwa dhati. Nimekosa, na ni lazima mtu mzima ajifunze. Somo nimelipata kikamilifu: wino haufai.

Sasa, Nane Nane ni wiki saba tu kutoka leo. Maonyesho ya wakulima. Hapa nina shina la nyuma ya jiko, la njiani na la mlangoni, na ng'ambo kwa Kipriani yapo mengi. Yametawanyika mno, hayana heshima. Yakikusanywa yote mahali pamoja, tuta moja refu mbele ya nyumba, yapangwe kwa mistari, na kibao kimeandikwa "Anemoni za Mwalimu Tharsisi"? Ofisa kilimo atasimamisha baiskeli yake.

Esteri amelificha jembe letu. Haidhuru. Kesho asubuhi, akienda mtoni, nitaazima la Kipriani. Ni mtu mpole, hataniuliza la kazi gani.