Tairi Jipya Halikimbizwi

Kijiwe cha Bodaboda, Njia Panda,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti Ngassa,

Mwangaluka. Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi ni Josia Maduhu, dereva uliyemsimamisha mbele ya wenzake na kumwambia asionekane kijiweni mpaka kikao cha Jumamosi. Nimeonewa, mzee wangu, na roho inaniuma. Mkinifukuza hapo sina kijiwe kingine cha kunipokea. Naomba unisome mpaka mwisho bila kuguna.

1. Kosa langu, nasikia, ni kuendesha polepole. Lakini nimenunua matairi mapya, na fundi Saidi alisema wazi: tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, nenda nalo taratibu, usililaze kwenye kona mpaka lizoee barabara. Wewe ni mfugaji. Lini uliona mtu anafunga nira maksai wawili ambao wote hawajui kulima? Mgeni anafungwa na mzoefu, mzoefu anamfundisha. Kwa hiyo nilimwomba Saidi anifungie jipya moja tu, nyuma, na mbele abakize kipara changu cha zamani, ambacho kinaijua njia ya Lalago kuliko mimi. Saidi alicheka mpaka akaangusha spana. Ndiyo shida ya mtu ambaye hakukulia kwenye ng'ombe.

2. Mwalimu Apolonia amenishtaki kwako kwamba nilimchelewesha kwenda Nkoma. Jamani! Alishuka kwa hiari yake, akatangulia kwa miguu. Nilipofika alikuwa ameshafundisha, amenunua muhogo, na amenibakizia kipande. Mtu aliyeonewa anabakiza muhogo?

3. Ni kweli kundi la ng'ombe lilinipita, na mchungaji akanichapa fimbo ya mgongo ili nisiachwe na wenzangu. Yule bwana angalau alinihesabu kwenye kundi lake, wakati wewe umenitoa kwenye lako.

4. Tairi la pili sikuliacha nyumbani likae bure. Abiria analipakata, ili siku ya kufungwa liwe limeshaiona njia. Mama Muzdalifa wa duka la vitenge alidai limemchafulia baibui. Nilimweleza kwa upole kwamba na yeye anachangia elimu. Ndipo akakupigia simu.

5. Hapa nasema kwa heshima zote. Wewe ulifunga mapya mawili kwa mpigo, ukaondoka kwa mbwembwe, ukalala chali mbele ya lango la kanisa watu wakitoka misani. Hata padri alijizuia kucheka kwa shida sana. Nakuuliza, Mwenyekiti: katika yale mawili, mwalimu alikuwa lipi?

Kwa sababu hizo naomba unirudishe kijiweni. Pia kikao kipitishe sheria kwamba kila tairi jipya lipewe la zamani la kulifunza, na kwamba anayekimbiza matairi mapya afukuzwe hapo hapo bila kusikilizwa. Tairi likistaafu liheshimiwe, lisikatwe katambuga. Hakuna mtu anayemgeuza mwalimu mstaafu kuwa viatu.

Nisalimie mama watoto, wenzangu wote kijiweni, na mwalimu Apolonia, ambaye mwambie muhogo ulikuwa mtamu. Msalimie na Saidi, akimaliza kucheka. Asante, wabeja.

Wako mtiifu, asiye na haraka,
Josia Maduhu

Nyongeza: Usishangae barua hii kuletwa na kijana anaitwa Yakobo. Nilianza safari ya kuileta mwenyewe, nikaona kikao kitakwisha sijafika. Yakobo amefunga matairi mapya mawili leo asubuhi, na nimemwambia akimbize, asiguse breki mpaka mlangoni kwako. Akichelewa, msimamishe.