Mwaka wa Pili kwa Imani

Jumapili, 7 Januari 2018

Nimefanya jambo!

Kanisani kwetu, ghorofani juu ya duka la mablanketi katikati ya mji, mtu hushukuru kabla ya kupokea. Mchungaji anafundisha hivyo: sema umepata, nawe utapata. Sasa, mimi na Gaël, mpiga kinanda, tumemaliza stashahada ya biashara chuo kimoja cha kati. Wote wawili tumeomba kuhamia chuo kikuu kilekile, tuingie moja kwa moja mwaka wa pili. Leo nikamwona Gaël anasafisha koo, anajiandaa kusimama kushuhudia. Nikamwahi! Nikasema nimepokewa. Mwaka wa pili. (Chuo kikuu hakijanijibu lolote.) Vigelegele! Gaël akabonyeza noti isiyokuwemo katika wimbo wowote.

Wala simhofii. Novemba nilimshauri, kwa upole mwingi, kwamba chuo kikuu kinadai maelezo kamili ya kila somo, yenye muhuri. Dai hilo nililibuni mwenyewe! Mimi nilipeleka alama tu. Bila shaka yeye bado anafukuzia mihuri.

Jumatatu, 8 Januari

Eish.

Maman Léocadie, mwenye nyumba ninayopanga hapa mtaa wa La Rochelle, ni kiongozi wa kina mama kanisani. Pia ni msusi. Na kila Jumapili jioni anamsuka Madam Kathambi, Mkenya mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ambako mimi ni karani.

Leo Madam amenipa mkono mbele ya wateja. Hongera sana, kijana! Akaongeza kwamba, kwa kuwa masomo ni ya mchana, ameshapata wa kukalia meza yangu. Anaitwa Murielle, anaanza Alhamisi, nimfundishe. Nikasema asante, Madam. Mara mbili! Kwa nini nilisema asante? Kwa sababu namwogopa, basi.

Sasa chuo kikuu lazima kinipokee. Lazima! La sivyo sina darasa, sina meza.

Jumatano, 10 Januari

Mpango mpya, mzuri ajabu. Waombaji hawaruhusiwi kuingia chuo kikuu kuulizia majibu. Wanarudishwa langoni wakasubiri ujumbe wa simu. Basi nikaomba ruhusa kazini, nikavaa tai, nikakumbatia mafaili, nikaingia kwa mwendo wa mhadhiri.

Mlinzi akanisimamisha. Kumbe mtu wa Lubumbashi! Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu: eh petit, ni profesa gani anavalaka kadi ya karani mu shingo?

Nilisahau kuivua. Walinzi wote walicheka, kisha foleni nzima ikacheka. Hata hivyo alinipa maji ya kunywa, akaniambia niende nyumbani, ujumbe una miguu yake.

Pale kwenye taa za barabarani, robot kama wanavyoziita hapa, nikajificha nyuma ya muuza mahindi. Gaël alikuwa anavuka barabara, faili nene kwapani. Maskini! Bado mihuri!

Ijumaa, 12 Januari

NIMEPOKEWA!

Ujumbe umeingia nikimfundisha Murielle kubandika anwani kwenye mizigo. Nikapiga ukelele, nikambandika anwani ya Kolwezi kwenye mkono. Nikaruka. Nikausoma tena.

Mwaka wa kwanza.

Katika masomo yangu yote ya chuo wametambua moja tu: matumizi ya kompyuta. Sababu? Sikuambatanisha maelezo ya masomo yenye muhuri.

Gaël naye ameandika kwenye kundi la kwaya. Mwaka wa pili. Anamshukuru Mungu, na baada ya Mungu anamshukuru kaka Pitchou, yaani mimi, kwa ushauri wa dhahabu.

Madam Kathambi aliponiona nimekaa sakafuni, alisema kama naogopa maisha ya mwanafunzi, Jumamosi zote bado ni zangu hapa ofisini, kwa malipo. Chumba changu kimeokoka! Nilitaka kumkumbatia. Nikasema asante, Madam.

Jumapili, 14 Januari

Maman Léocadie alipika sombe, kisamvu cha kwetu, ya kanisa zima. Kina mama walivaa kitenge sare. Kwa ajili yangu!

Nikaamua kusema kweli. Nikasimama, nikasema ni mwaka wa kwanza. Kisha Maman Léocadie akapaza sauti kwamba sombe haiulizi mtu yuko mwaka gani, nije nile ninenepe nikasome. Kicheko, vigelegele, nikalia kidogo. Nimekoma. Kuanzia leo, kweli tupu!

Ndipo Gaël akasimama. Akaomba tumwombee apate kazi ya kuwafundisha jioni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kunifundisha mimi! Hata sijakaa, nikausikia mdomo wangu ukishukuru: kazi hiyo nimeshapewa mimi, tena hata Jumamosi zote. Vigelegele mpaka madirisha yakatikisika! Gaël akaibonyeza ile noti yake tena. Utamu ulioje!

Kesho asubuhi nitaulizia kama kazi hiyo ipo.

Tatizo dogo tu: jioni hii Madam Kathambi, aliyeniachia Jumamosi zile zile, anakuja kusukwa. Nimemsihi Maman Léocadie asimwambie neno. Amenitazama kwa huruma, kitana mkononi, akasema nishukuru tu kwa imani, tayari amenyamaza.

Nimeshukuru.