Kuku Asipone Upesi

Jumatatu, 2 Juni

Nimechorwa tatuu. Mimi, mama mzima wa Makorora, mwimba sauti ya pili kwaya ya usharika. Devota mwanangu amejifunza kazi hiyo kwa rafiki yake mjini, na mpaka jana alikuwa akichora maganda ya ndizi. Akasema ndizi hazishtuki, sasa anataka ngozi ya mtu. Nani ampe kama si mimi? Nimechagua kuku na kifaranga kimoja, maana mtoto wangu ni mmoja. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Imeuma kama siafu waliotumwa. Sikulia. Nilikohoa tu sana.

Zuwena jirani, anayewapaka wenzetu hina na piko nyeusi, kaja kutazama. Kamkodolea kuku wangu, kauliza birika hilo la nini.

Jumanne, 3 Juni

Masharti nimepewa. Nioshe asubuhi na jioni kwa sabuni ya mtoto, taratibu. Mafuta nipake kiduchu, nisimkaange kuku. Nisikwangue. Nisiuanike mkono juani. Nisiutie baharini. Nikamwambia Devota, nimekuuguza wewe surua, nitashindwa na kuku? Akacheka.

Kisha akasema, kama anayeomba chumvi, kwamba kuna mama mwenye saluni Dar atamwajiri akiona picha ya tatuu iliyokwisha kupona. Mbichi haitaki, mbichi eti kila mtu anaweza. Kuku akipona Devota anapiga picha, anatuma, anaondoka.

Nimekaa jikoni na mkono wangu. Baba Devota yuko shamba Mwera, haji ila nazi zimeanguliwa. Devota akienda nabaki na nani? Na Zuwena, ambaye wanawe wote wamepanga mtaa huu huu, na kila jioni wanampitia, shikamoo mama, shikamoo mama, nami nasikia ukutani.

Basi nimeamua. Kuku huyu asipone. Sitaki donda, Mungu apishe mbali. Achelewe tu. Mpaka Krismasi hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Jua. Devota katoka, nami nimeketi uani, mkono nimeulaza juu ya ungo kando ya dagaa. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipoanza kuwaza. Rangi ikipauka, si watasema Devota hajui kazi? Nikafunika kwa kanga. Nikafunua. Nikafunika tena. Zuwena kachungulia juu ya ukuta, kasema mwenzangu, unampungia nani?

Paka kala dagaa. Kuku hana neno.

Jumapili, 8 Juni

Inawasha! Inawasha mpaka kwenye meno. Vigaga vimeanza kuinuka, nikasema leo ndiyo leo, mchungaji akianza kuhubiri tu, nami naanza kukwangua. Devota kajua. Kaja kukaa ubavuni kwangu, kanishika mkono, hakuuachia ibada nzima. Tangu yuko darasa la nne hajanishika hivyo. Nyuma yetu Mama Nehemia anasema kwa sauti ya kusikika, tazameni mtoto anavyompenda mama yake, wa kwangu hata simu hapokei.

Sikukwangua. Nilikuwa na shughuli.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Pangani. Nimeaga nafuata nazi, lakini nafuata maji ya chumvi. Nikaingia baharini mpaka magotini, nikainama, nikauzamisha mkono. Uwii! Nikaruka, nikaanguka, maji yakanipita kichwani. Kijana mmoja muuza samaki, Uweso jina lake, akanivuta nje kwa kanga akidhani nazama.

Akauona mkono. Akasema, mama, nani kakuchora kuku huyu? Ana jicho la ukali, kama yule wa bibi yangu aliyemfukuza hata mwenyekiti. Kamjua ni kuku! Hakusema birika! Nikamweleza habari za Devota tangu alivyokuwa akichora mkaa ukutani, na maganda ya ndizi, na mkono wake usivyotetemeka. Basi la kurudi likaniacha. Ndipo nikakumbuka chumvi, nikaogopa, nikanunua maji ya chupa nikauosha mkono hapo hapo barabarani. Na nazi nimesahau.

Jumatano, 18 Juni

Zuwena kanambia hina huwa anaipitishia ndimu na sukari ikolee. Nikasema moyoni, ndimu juu ya kidonda, hapo kuku atakoma. Nimekamua, nimetia sukari, nimepaka, nimengoja kuungua. Wapi. Kumbe vigaga vimekwisha dondoka vyenyewe, chini yake ngozi nyororo, kuku anang'aa kama katoka kuoga. Waliokuja ni sisimizi. Wamejipanga kumzunguka, utadhani wamekuja kumwamkia.

Devota kanikuta hivyo. Uso ukamshuka. Kaniuliza kwa upole, Mama, unaiharibu kazi yangu makusudi? Ule upole ndio ulionimaliza. Nikasema yote, jua na bahari na ndimu. Akanipangusa sisimizi mmoja mmoja. Akasema ningemwambia tu. Nikamwuliza, ningekwambia ungebaki? Akasema hapana, Mama. Nikasema sasa je?

Tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Kanifuta machozi kwa pindo la kanga, kasema nisihangaike, siku kuku akinisumbua nimpigie tu, atapanda basi aje.

Jumatatu, 23 Juni

Picha imepigwa uani, mkono juu ya kitambaa cheupe. Yule mama wa saluni kajibu chai haijapoa. Kasema kazi safi, aje kesho aanze. Nikaona fahari, nikaenda kumkunjia nguo.

Nimemsindikiza stendi. Nimemfungia mihogo, kasema Dar mihogo ipo. Nimemfungia hata hivyo.

Jioni Zuwena kaja na mkate wa kumimina. Wanawe walipopita kuamkia kawaambia leo wapite kimya. Hakulitaja birika.

Ijumaa, 27 Juni

Nyumba kubwa hii. Sikujua.

Leo nimeponda nyanya, nimechanganya na ugali wa jana na manjano kidogo, nimempaka kuku mgongoni. Nimepiga picha kwa simu, nimemtumia Devota, nikaandika kuku kaanza kusumbua. Kapiga hapo hapo. Kauliza kama nina homa. Nikakohoa. Kasema kaomba ruhusa kazini, anakata tiketi ya asubuhi.

Nimemwonyesha Zuwena picha. Kasikitika. Kasema wallahi shoga, umekosea, nyanya inaonekana mbegu. Angetengeneza yeye kwa ukwaju uliokorogwa na piko, hata daktari angelia. Nimemwuliza kama alfajiri ana nafasi. Anayo.

Mchele nimechambua. Nazi zipo, Baba Devota kaleta. Nimefua shuka la Devota, limekauka. Kwa hiyo kila kitu tayari, bado kidonda tu.