Mguu Wangu wa Heri

Jumatano, 11 Februari
Joto kali. Mama Lựu, anayeuza pho, supu ya tambi, humu ndani ya ukumbi wa pool, kasema mwaka umemwendea vibaya. Anatafuta mtu wa kuingia wa kwanza dukani Jumanne, siku ya mwaka mpya wetu. Mguu huo ndio unaoleta bahati ya mwaka mzima. Moyo ukaniruka. Nani tena kama si mimi? Nikamwambia mimi, Mzee Bảy, nina mguu wa heri! Kule Mỹ Tho niliingia kwa watu, nguruwe wao akazaa watoto kumi na wanne siku ileile. Thược, fundi cherehani mstaafu, akainua kichwa juu ya fimbo yake ya pool: jana walikuwa tisa, ndugu yangu, au bado anazaa? Ukumbi mzima kicheko. Mshenzi! Kuanzia kesho mteja wa kwanza wa asubuhi ni mimi. Wataona watu watakavyofurika.

Alhamisi, 12
Nimefika mlango haujafunguliwa. Bakuli kubwa, sikuomba punguzo. Baada yangu kaingia mmoja tu. Kaomba choo.

Ijumaa, 13
Wa kwanza tena. Leo bahati nimeisukuma kidogo. Nilipita klabu ya wazee nikanong'ona kwamba kwa Mama Lựu pho ni bure. Wakaja hamsini! Wengine na vyombo vya kubebea. Kusikia hakuna cha bure, wakakaa kwenye kiyoyozi mpaka saa kumi, chai tu, huku wanawafundisha wacheza pool namna ya kupiga. Bakuli liliuzwa moja. Langu. Mama Lựu kauliza nani kaleta uvumi huu. Nikatazama dari. Nikasema watu siku hizi hawana haya.

Jumapili, 15
Sitaki kuandika. Naandika.
Nimekula wa kwanza, nikatoka, nikakumbuka kofia. Kurudi, namkuta Mama Lựu kachuchumaa mlangoni, gazeti linawaka mkononi, anazungusha moto palepale nilipokanyaga. Thược kashika kiberiti. Kwetu hata mtoto anajua: hivyo ndivyo mwenye duka anavyofukuza nuksi ya mteja wa kwanza mwenye mkosi. Na pembeni majivu ya siku zilizopita.
Akaniona. Akasema taratibu, "Mbu, Mzee Bảy. Nafukuza mbu." Thược, na mdomo wake wote ule, hakutania. Kaniletea kofia, kaipangusa kwanza. Bora angenicheka! Nimetembea mpaka nyumbani nimeishika mkononi, jua linachoma utosi, nimesahau kuivaa.

Jumanne, 17. Mwaka mpya
Kachaguliwa Thược. Kaingia na suti aliyojishonea. Mimi Mama Lựu aliniomba jana, kwa heshima zote, nije mchana. Aibu ilinikaba mpaka akili ikanijia: mguu wa nuksi nao ni silaha! Ng'ambo ya barabara kuna duka la pho linalomnyang'anya wateja. Alfajiri nikaingia kule wa kwanza, nikakanyaga kwa nguvu, miguu yote miwili. Zawadi yangu kwa Mama Lựu.
Saa tano foleni yao imefika kituo cha mafuta. Saa saba supu imewaishia.
Si niliwaambia? Mguu wa heri! Nikavuka mbio kumwambia Mama Lựu asijali, kesho nafungua kwake, wala asinishukuru. Kanisikiliza mpaka mwisho, mkono wake unapapasa gazeti chini ya kaunta. Thược akamsogezea kiberiti.