Mtambo Usio na Mfuko

Tepe, tepe, tepe. Nyumba nzima ya Mtaa wa Narung'ombe ilikuwa bado imelala, isipokuwa fimbo mbili za Bibi Sitara. Alikuwa amekaa uani, kwenye mkeka, akiichapa sufi ya wateja taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto asiyetaka shule. Sufi ni pamba ya mti, nyepesi kuliko ahadi, na huchapwa alfajiri tu, kabla upepo wa baharini haujaamka. Ukiichapa saa nne asubuhi, unawagawia majirani.

Ndipo gari la matangazo likaingia mtaani. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo, kwa sababu Ofisi ilikuwa imefanya utafiti wa kina na kubaini kwamba saa hiyo wananchi wengi huwa nyumbani.

"Tangazo, tangazo. Ofisi ya Ufumuaji wa Marobota inawajulisha wananchi wote wa Kariakoo kwamba enzi ya vidole imekwisha. Mtambo wa kisasa wa kufumua, kutenganisha na kuhudumia nyuzinyuzi zilizofungwa marobota umewasili. Kuanzia leo Jumatatu ni marufuku mtu yeyote kufumua, kuchambua, kunyambua wala kutenganisha nyuzinyuzi kwa mkono bila kibali. Mtambo utazinduliwa Jumatano saa nne kamili. Wote mnakaribishwa kushukuru."

Bibi Sitara akaziweka fimbo chini. Hakukasirika. Angekasirikaje, na marufuku yenyewe alikuwa ameipitisha yeye?

Ilikuwa hivi. Ofisi ilihitaji kamati, na kanuni zilitaka kamati iwe na mwanamke, mzee, na mtu aliyewahi kuigusa sufi. Kwa kubana matumizi, wakamteua mtu mmoja aliyekuwa yote matatu. Bibi Sitara akapewa kitambulisho chenye picha, cha kuning'iniza shingoni: Mjumbe, Sekta ya Vidole. Alikuwa na miaka sitini na tisa na hajawahi kuvaa kitu chenye jina lake. Akakivaa sokoni. Akakivaa msibani, juu ya kanga, na watu wakampisha mbele wakidhani anatoka hospitali.

Kwenye kikao, Mkurugenzi Abdulrazak alisoma Kifungu cha Nne kwa dakika ishirini. Katika dakika hizo Bibi Sitara alielewa neno "vidole" mara mbili. Wanaoafiki wakaombwa wanyooshe mikono. Wote wakanyoosha, naye akanyoosha, maana kuwaacha wenzake wachoke mikono peke yao si uungwana.

Swali aliuliza, tena la maana.

"Mwanangu, sufi ikishafumuliwa itatokea wapi?"

"Mbele, Bibi. Kwenye bomba."

"Na ikitoka kwenye bomba itaingia wapi?"

Mkurugenzi akatabasamu kwa subira. "Mfuko wa kupokelea uko kwenye sehemu ya pili ya mradi. Sehemu hii ni ya kufumua tu."

"Sasa saa nne, na ule upepo..."

"Katibu, andika. Hoja ya upepo imepokelewa."

Katibu, binti mpole aitwaye Hyasinta, akaandika. Bibi Sitara alichungulia, akaona hoja yake imekaa vizuri kwenye mstari, kwa mwandiko wa kupendeza. Akaridhika kabisa, akala sambusa.

Basi Jumatatu hiyohiyo, saa sita mchana, Hyasinta akaja na vijana wawili na karatasi. Walikuja kuchukua robota.

Robota lenyewe lilikuwa moja tu, la sufi, limekandamizwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma, limekaa uani likimngoja Mzee Eliakimu. Huyu alikuwa mwenyeji wa Machame, Kilimanjaro, aliyepanga chumba cha mbele kwa miaka ishirini na miwili, duka lake la nyuzi na vifungo. Miezi miwili nyuma alianguka kwenye ngazi akishusha katoni, akavunjika nyonga. Sasa mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulalia, na Alhamisi alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani. Bibi Sitara alikuwa amemwahidi godoro la sufi, na mito.

Si kwamba alimwahidi kwa huruma tu. Miaka yote ishirini na miwili, Mzee Eliakimu alifungua duka alfajiri, na hata siku moja hakuwasha feni kabla Bibi hajamaliza kuchapa sufi uani. Joto la Februari lilimkuta amekaa kimya nyuma ya kaunta, jasho linamdondoka kwenye vifungo, anasikiliza fimbo. Zikinyamaza, ndipo aliponyoosha mkono kwenye swichi. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na Bibi naye hakuwahi. Mambo mengine ukiyasema unayachafua.

"Robota linahitajika kwa ajili ya uzinduzi," alisema Hyasinta, macho chini. "Pole, Bibi. Nimeambiwa wewe ni mjumbe, utaelewa."

"Naelewa," alisema Bibi Sitara, akaweka sahihi. Vijana akawapa maji ya kunywa, kwani robota lilikuwa zito na jua kali.

Robota lilipotoka mlangoni, Zamda, mpangaji wa chumba cha nyuma na mshonaji wa foronya, alipiga makofi polepole.

"Hongera, Mheshimiwa. Umejipiga marufuku, umejinyang'anya, na sahihi umeweka."

"Nyamaza, Zamda. Kuna utaratibu. Kuna Fomu Namba Saba."

Fomu Namba Saba iliitwa Ombi la Kugusa Nyuzinyuzi. Ilitaka nakala tatu, barua ya serikali ya mtaa, na picha mbili za mikono ya mwombaji. Bibi Sitara alikwenda kwa mpiga picha wa Msimbazi, akaweka viganja mbele ya pazia la bluu. Mpiga picha akamwambia atabasamu, akatabasamu. Fomu akaipeleka mwenyewe makao makuu ya Ofisi kule Posta, ghorofa ya tano, lifti ikiwa inapumzika. Dirishani akaambiwa jibu hutoka baada ya siku kumi na nne za kazi.

Hesabu hakuisoma sana, lakini kati ya Jumatatu na Alhamisi hakuziona siku kumi na nne.

Hata hivyo cheo ni cheo. Jumanne alimkuta Zamda akijitoa nyuzi za sufi kwenye ushungi, akamuuliza, "Una kibali?" Zamda alimtazama tu, na jicho lile Bibi Sitara hajalisahau mpaka leo.

Jumatano ikafika. Mtambo ulisimamishwa katikati ya mtaa, umefungwa utepe, una mdomo wa kumezea robota, pipa la meno ya chuma, na bomba kama la moshi wa meli. Mbele ya bomba, kwa heshima, palipangwa viti vya wageni kutoka Posta, wote suti nyeusi. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, Ofisi ilikodi feni tatu kubwa. Bibi Sitara alikaa mstari wa mbele, kitambulisho shingoni. Saa nne kamili upepo wa baharini ukaamka, kama kawaida yake, ukapepesa utepe.

Bibi akamwinamia Hyasinta. "Mwanangu, ile hoja ya upepo."

Hyasinta akafungua faili, akatazama. "Imeshapokelewa, Bibi."

Mkurugenzi alikuwa anahutubia. Alikuwa amefika kwenye maneno "matokeo yake mtayaona kwa macho" alipobonyeza kitufe.

Haki isemwe, mtambo ulifanya kazi bila dosari. Ulilifumua robota lote kwa sekunde arobaini, kazi ambayo vidole vya Bibi vingeifanya kwa siku tatu. Ukatenganisha kila uzi na mwenzake. Na kwa kuwa sehemu ya pili ya mradi ilikuwa haijaanza, sufi yote ikapita kwenye bomba, ikapita kwenye feni, ikakutana na upepo.

Mtaa ukawa mweupe. Sufi ikaingia kwenye kahawa, kwenye mihogo, kwenye mashati ya mitumba yaliyotundikwa. Msukuma mkokoteni mmoja akasimama, akajipangusa nyusi, akawaambia wenye maduka, "Oya, nyie wa Kilimanjaro, mngetuambia mnahamisha na theluji tuvae masweta." Wageni wa heshima wakakimbilia magari wakiwa wamefanana na kondoo. Mkurugenzi, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi kwa sababu ya hotuba, ndiye aliyepokea nyingi zaidi.

Sasa, sufi ikishika suti nyeusi haiachi. Ukiipukuta, inahamia mkononi. Ukiilowesha, inakuwa uji. Na Mkurugenzi alitakiwa saa tisa awe Posta, akatoe taarifa ya mafanikio. Hyasinta, aliyekuwa na akili kuliko cheo chake, akamshika mkono na kumpeleka uani kwa Bibi Sitara.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mkurugenzi, akatema uzi. "Nisaidieni. Nina kikao."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akampa kikoi cha marehemu mumewe, na maji ya kusukutua. Suti ikatandazwa mkekani. Zamda akanyoosha vidole.

"Ngoja, Zamda," alisema Bibi Sitara. "Hiyo ni kunyambua kwa mkono. Kifungu cha Nne. Mheshimiwa, una kibali?"

Wala hakuwa anamdhihaki. Alikuwa mjumbe, na kitambulisho kilikuwa shingoni.

"Bibi, kibali natoa mimi."

"Basi itakuwa rahisi. Utajiomba, na utajijibu."

Hyasinta akatoa Fomu Namba Saba mkobani. Mkurugenzi Abdulrazak, amejifunga kikoi, akaijaza juu ya goti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma. Alipofika kwenye picha za mikono akauliza nani aliyeandika jambo la namna hii. Hyasinta akamwonyesha sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe. Alipofika mahali palipoandikwa Sababu ya Kutotumia Mtambo, akatema uzi mwingine. Mwishowe akaandika: Mtambo umekwisha kutumika.

"Siku kumi na nne za kazi," Zamda alimkumbusha. "Lakini kikoi kinakupendeza, Mheshimiwa. Utakwenda nacho kikaoni."

Mkurugenzi akaigeuza fomu. Nyuma yake akaandika kwamba Kifungu cha Nne kimesitishwa mpaka mfuko utakapopatikana. Akatia sahihi, na Hyasinta, ambaye muhuri hutembea nao, akagonga.

Wakaanza kuchambua. Hawajamaliza kola, mlango ukagongwa. Alikuwa muuza kahawa, na nyuzi chache za sufi alizozitoa kwenye vikombe, amezikausha kwenye jiko lake na kuzifunga kwenye gazeti. Nyuma yake muuza mashati na mfuko mzima, amekung'uta bidhaa zake zote. Msukuma mkokoteni akaleta gunia. Mama wa mihogo akaleta ndoo. Hakuna aliyewatuma. Mtaa mzima ulijua lile robota lilikuwa la nani na lilikuwa la mgongo wa nani. Wakawa wanaingia, wanamwaga mkekani, wanasema "Kazi njema, Bibi," wanatoka. Bibi Sitara akawa anaitikia kwa kichwa tu, mikono ikiendelea.

Kufikia saa nane unusu godoro lilikuwa limejaa. Zamda akalishona mdomo. Mkurugenzi akaomba ajinyooshe juu yake kidogo tu, afumbe macho dakika mbili wakati wanamalizia suruali. Saa tisa ilipita akiwa anakoroma. Hyasinta akapiga simu Posta na kutoa taarifa kwa niaba yake: uzinduzi umefana, na matokeo yamemfikia kila mwananchi. Ofisi ikapongezwa.

Hakukuwa na sufi ya mto, ila ile iliyotoka kwenye suti. Walipoipima kwa macho, suti ya Mkurugenzi peke yake ilitoa mto mmoja mzima wa kichwa.

Alhamisi Mzee Eliakimu akarudi, amebebwa na watu wanne. Walipomlaza, mgongo ukazama taratibu kwenye sufi. Halafu akageuza shavu. "Bibi, huu mto unanukia manukato ya ofisini."

"Umetoka ngazi za juu," alisema Bibi.

Ijumaa alfajiri, tepe, tepe, tepe. Bibi Sitara alikuwa uani akichapa sufi ya mteja, shingo tupu. Kile kitambulisho Zamda alikuwa amekifunga kwenye godoro kama lebo. Mkurugenzi Abdulrazak akaingia na shati la kawaida, akirudisha kikoi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akapita chumba cha mbele kumjulia hali mgonjwa. Akamkuta amelowa jasho, akamwonea huruma, akanyoosha mkono kwenye swichi ya feni.

"Bado, Mheshimiwa," Mzee Eliakimu alisema kwa sauti ndogo. "Sikiliza kwanza."

Mkurugenzi akasikiliza. Mkono wake ulibaki palepale, karibu na swichi, mpaka fimbo zilipokoma. Ndipo akaiwasha.

Bibi Sitara alikuwa akimwona kupitia mlango. Alipotoka akamsindikiza mpaka barazani.

"Mwanangu, usitutupe. Uje tena kututembelea," akamwambia. "Na ukija uvae suti, maana Mzee Eliakimu amezoea mito miwili."