Siri za Polisi kwa Bei ya Kirafiki

Wakili aliitwa kituo cha polisi kuulizwa habari za televisheni fulani, akatoka na biashara mpya. Jina la Wakili alipewa mtaani kwa sababu ya mdomo wake. Shule ya sheria alikuwa akiipita kwa nje, tena kwa haraka.

Akiwa kwenye benchi la mapokezi akisubiri zamu yake ya kudanganya, aliona rafu iliyojaa vitabu vya bluu: taratibu za polisi, pamoja na masomo wanayofundishwa askari chuoni. Kibao juu yake kilisema CHUKUA USOME, NI BURE. Waliokwisha kuvifungua ni mende tu. Askari wa kike aliyekaa mezani alimweleza, kwa huzuni ya mtu aliyepika halafu wageni wasitokee, kwamba wakubwa wameamua kuweka kila kitu wazi, lakini raia wakiingia wanauliza choo kiko wapi. Wakili akamsikitikia sana, akavibeba vyote kumpunguzia machungu.

Nyumbani alichana majalada, akagonga kila kitabu mhuri mwekundu wa SIRI KUU, akapanda pikipiki yake hadi kwa muuza vipuri vya magari, mtu ambaye vioo vyake vya pembeni vilikuwa na historia asiyopenda isimuliwe. Alimnong'oneza kwamba kitabu kimetoka chuoni ndani ya shati la mtu aliyehatarisha pensheni yake, na kwamba ndani yake imeelezwa jinsi askari wanavyofundishwa kupekua maduka. Muuza vipuri alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo lililoishangaza hata droo ya fedha. Akalipia na masomo ya ziada, yakawa yanafanyika stoo, mwalimu amekalia tairi. Wakili alikuwa amesoma kurasa za mwanzo tu. Zilizobaki alizifundisha kutoka kichwani.

Mke wa muuza vipuri alikuwa akisikiliza kutoka kaunta. Siku moja mumewe alipotoka kupeleka mzigo, alimsogezea Wakili kiti na kumuuliza kwa upole wa muuguzi:

"Shemeji, sura ya kumi na tisa umeifundisha?"

Wakili akasema hiyo ni ya wanafunzi waliobobea.

"Ungeianza hiyo. Inasema anayeuza kitabu chenye mhuri wa siri, askari wamefundishwa wamkamate kwanza, maswali baadaye. Na chombo cha usafiri kilichobeba kitabu kinachukuliwa."

Kusema mhuri ni wa bandia kungekuwa kujimaliza, maana aliugonga mwenyewe. Yule mama akamwonea huruma. Sura hiyohiyo, alimweleza, inamsamehe muuzaji aliyejirekebisha, mradi arudishe fedha na kumwachia mnunuzi hicho chombo. Wakili alirudisha fedha, akakabidhi pikipiki na kadi yake, akaandika kwa mkono wake kwamba ametoa kwa hiari, akashukuru, kisha akaondoka kwa miguu akijiona mwenye bahati.

Bahati hiyo ilidumu hadi alipopita kituoni na kukuta rafu imejazwa upya. Alichukua nakala, akaipekua yote. Kitabu kiliishia sura ya kumi na mbili.

Alirudi dukani amefura. Mama alikuwa akipanga plagi. Mumewe alikuwa ametoka, na pikipiki pia.

"Umenitapeli," Wakili alisema.

"Nenda kashtaki, shemeji." Mama akatoa chini ya kaunta kitabu chake mwenyewe, jalada la bluu likiwa bado juu yake, kurasa zimelegea kwa kusomwa. Akamwonyesha mstari kwa kidole. "Sura ya nne hii, na hii ipo. Mlalamikaji anaeleza kwanza alikuwa na shughuli gani na anayemlalamikia. Sasa wewe utaanzia wapi?"

Wakili aliusoma mstari ule, akaurudia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama duka linahitaji mtu wa kusambaza mizigo kwa pikipiki.

Mama akasema nafasi ipo, ila alete kwanza cheti cha tabia njema kutoka polisi.